Paa la faiba nililomwekea mama mkwe kule Manyatta, na kona niliyokatazwa kuiona kutoka chini

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Juzi mdau mmoja aliuliza kama mtu anaweza kujiwekea paa la faiba mwenyewe, na likileta shida analirekebisha vipi. Wengi mlimjibu vizuri. Mimi nilisoma nikanyamaza, maana jibu langu ni refu na lina aibu ndani yake.

Leo nimeamua kulitoa. Chumvi sitaongeza, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Kiswahili changu ni cha Nkubu, cha shule na cha gereji, kwa hivyo watu wa pwani mnivumilie.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa wivu. Nimeokoka, nimezeeka, nina wajukuu, lakini wivu haujaniacha. Hii habari ya paa huwezi kuielewa bila kulijua hilo.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi kwa gereji moja Meru mjini. Kazi yangu ilikuwa kuziba bodi za magari kwa faiba. Nissan ikigongwa pua, lori likipasuka bampa, naitwa mimi.

Kwa asiyejua, faiba inafanywa hivi. Unachukua mat, kitambaa cha nyuzi za glasi, unakilowesha kwa resin, ambayo ni gundi nzito ya rangi ya asali. Resin yenyewe haishiki mpaka uichanganye na hardener kidogo, dawa ya kuigandisha. Ikishika, hata nyundo inapata kazi.

Nilikuwa mzuri kwa hiyo kazi. Madereva walikuwa wananingoja mimi hata kama kuna fundi mwingine amekaa bure.

Mke wangu Wawira ni wa Manyatta, kule Embu, upande wa juu kwenye majani chai. Dadake mdogo, Marigu, aliolewa na mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Njeru. Kwa hivyo Mwalimu Njeru ni mwanyumba wangu, yaani tumeoa nyumba moja, yeye na mimi.

Huyo ndiye mtu aliyenikalia rohoni miaka mingi.

Si kwamba alikuwa mbaya. Angekuwa mbaya ningepumzika. Shida ni kwamba alikuwa mzuri, halafu akaishi karibu. Mimi nilikuwa mbali Meru, nafika ukweni mara moja kwa miezi miwili, na kila nikifika nasikia Mwalimu ameleta tanki la maji, Mwalimu ameezeka nyumba kubwa kwa mabati mapya, Mwalimu ametengeneza mlango wa boma. Ng'ombe wa mama mkwe alizaa ndama dume, wakamwita Mwalimu. Nilikuwa naketi pale namsikia mtu akisema "Mwalimu amekunywa maziwa yote," na sijui ni yupi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kikombe.

Mama mkwe alikuwa na kikombe kimoja cha udongo chenye maua mekundu, na kilijulikana ni cha Mwalimu. Yeye alikuwa anaingia ndani ya nyumba, anaketi, analetewa chai kwa kile kikombe. Mimi yangu nilinywea nje, kwenye benchi la shemeji yangu Ireri, kwa kikombe cha bati.

Sasa mtauliza, mbona nje?

Boma lile walikuwa wanashika nthoni. Ni ile heshima ya kuepukana kati ya mama mkwe na mume wa binti yake. Kila boma lina namna yake, na siku hizi wengi wameacha. Kwa hao wangu, mkwe hakuwa anaingia nyumba anayolala mama mkwe, na hakuwa anaruhusiwa kuwa juu ya kichwa chake, hata ngazini, mpaka apeleke mbuzi wa kuiondoa hiyo nthoni.

Mwalimu alipeleka wake mwaka uleule aliooa. Mimi nilikuwa nasema nitapeleka, nitapeleka. Ukweli ni kwamba nilitaka kwanza nifanye jambo kubwa, ili siku nikiingia niingie na jina langu. Sikutaka kuingia nikiwa namba mbili.

Jambo kubwa likapatikana.

Mama mkwe alikuwa anaumwa magoti. Nyumba kubwa ilikuwa ya mbao, na baridi ya kule juu ilikuwa inapita kwenye nyufa inamtafuta yeye. Ireri, ambaye ni kijana wake wa kwanza na boma lake ni hapohapo, akaamua kumjengea chumba cha mawe kilichoshikana na ile nyumba ya mbao. Ukuta ukapanda vizuri. Walipofika paa wakakwama, kwa sababu mabati ya nyumba kubwa yalikuwa yameshuka chini sana. Hapakuwa na nafasi ya paa jipya kuwa na mteremko.

Tukakaa Jumapili moja kwa Ireri, wanaume watatu, tuzungumze.

Mwalimu akasema, "Tupunguze mawe laini moja, ule mstari wa juu, tuweke mabati. Mteremko utakuwa kidogo lakini utakuwako."

Nikaona hapa ndipo. Nikasema, "Mabati kwa mteremko kama huo yatavuja kila msumari. Mimi nitaweka plaiwudi, halafu nitandike faiba juu. Kipande kimoja, hakuna msumari, hakuna kiungo."

Ireri akauliza, "Faiba si ni ya gari?"

"Umewahi ona gari ikivuja?"

"Nimeona nyingi," akasema Ireri.

Mwalimu akafikiria kidogo, akaniuliza polepole kama kawaida yake, "Na pale paa inakutana na ukuta wa mbao, mwanyumba, utafanya aje? Mbao inacheza na upepo. Mawe haichezi."

Wakuu, lile lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwa kazi ya faiba. Mimi nilichosikia ni dharau. Nikamwambia, "Wewe shika chaki, mimi nishike brashi."

Ireri akacheka. Mwalimu naye akacheka, na hilo likaniudhi zaidi.

Ireri ndiye aliyekumbuka shida nyingine. "Lakini wewe hujatoa mbuzi. Huwezi panda huko na mama ako chini."

Tukakubaliana nitakuja kila Ijumaa jioni, nifanye kazi Jumamosi mama akiwa shambani. Alikuwa anatoka alfajiri kuchuma majani chai, anarudi saa sita kupumzisha magoti. Kwa hivyo muda wangu ulikuwa ni asubuhi tu. Akitokea njiani na kikapu chake, mimi niwe chini.

Yeyote aliyewahi kugusa resin ameshaona kosa liko wapi. Mimi sikuliona.

Ulikuwa mwezi wa saba. Wale wa Embu na Meru mnaujua mwezi wa saba. Ukungu unalala kwa majani chai mpaka saa nne, jua linachungulia saa tano, na saa sita mimi natakiwa nishuke.

Jumamosi ya kwanza nilipanda saa moja. Plaiwudi ilikuwa na umande. Niliipangusa kwa gunia nikaona inatosha. Nikapima hardener kwa kifuniko kama tulivyokuwa tunapima gereji, nikachanganya, nikatandika mat, nikapiga rola kutoa hewa. Kazi ilikuwa safi machoni.

Lakini gereji yetu ilikuwa ya mabati matupu, na mchana mle ndani jasho linakutoka bila kushika kitu. Kile kipimo kilikuwa cha joto lile. Kule Manyatta asubuhi, resin ilikaa tu ikinitazama. Saa tano na nusu ilikuwa bado inanata. Nikasikia Ireri anapiga mluzi, mama anakuja. Nikashuka.

Wiki iliyofuata nilikuta bado inanata. Majani ya mti yamekwama, nzi wamekwama, na kuku mmoja alikuwa amepanda huko. Alifanikiwa kuondoka lakini aliacha manyoya ya kutosha kujaza mto.

Mwalimu alikuwa amesimama chini ananingoja. Akasema, "Imekataa kushika?"

Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa, inashika polepole ili iwe imara. Nilimdanganya mtu mzima mchana.

Kwa mdau aliyeuliza: resin ikikataa kushika, usipake nyingine juu ukitumaini. Kwangu nililazimika kuikwangua yote mpaka kwenye mbao, nikapangusa kwa thinner, ile ya kuyeyusha rangi, nikaanza upya. Jumamosi mbili zilienda hivyo.

Nikarudi na hasira. Nikaongeza hardener, vifuniko vitatu mahali pa kimoja. Sasa ikawa kinyume. Nilikuwa sijamaliza hata robo ya paa nikaona mkebe unatoa moshi. Nikaushika, ukaniunguza. Ile resin ikageuka jiwe ndani ya mkebe na brashi ikiwa imesimama katikati. Ireri aliuweka ule mkebe kwa dirisha lake, na wageni walikuwa wanauliza ni wa nini.

Dawa ya hiyo ni kuchanganya kidogo kidogo, na kumimina kwa trei pana badala ya mkebe wenye kina, maana resin ikirundikana inajipasha moto yenyewe. Hilo nililijua gereji. Kule juu nilikuwa na haraka ya kushindana, na haraka ilinisahaulisha.

Mwezi wa nane nikapata kipimo cha baridi, mat ikashika. Nikashangilia. Jumamosi moja baadaye nikaona malengelenge. Paa lilikuwa na uvimbe hapa na pale, mweupe kwa ndani, na ukigonga kwa kidole panalia utupu. Ule umande niliokuwa naupangusa kwa gunia ulikuwa umeingia kwa plaiwudi, jua lilipochoma ukatafuta njia ya kutoka.

Nilikata kila lengelenge kwa kisu, nikaacha mbao ikauke. Mchana sikuruhusiwa kuwa huko juu, kwa hivyo nilimwomba Ireri awe anafunika kwa turubai jioni na kufunua jua likitoka. Halafu nikaweka viraka, kila kiraka kikizidi shimo kwa upana wa kiganja pande zote. Hizo sehemu hazijasumbua hadi leo.

Sasa kona.

Pale paa lilipokutana na ukuta wa mbao, mimi niliikunja mat moja kwa moja kutoka chini kwenda juu ya ukuta, kama unavyokunja karatasi. Mat ya faiba haipendi kukunjwa hivyo. Inajivuta, inaacha hewa nyuma yake. Unaipiga rola inalala, ukigeuka inainuka. Niliipiga rola mpaka mkono ukafa ganzi, nikajiambia imelala.

Mwalimu alikuwa anapita kila Jumamosi, na kila Jumamosi neno lake ni moja. "Mwanyumba, angalia pale kwa ukuta."

Na mimi kila Jumamosi nilijiambia, huyu anaogopa. Anaona jina lake linafifia. Nilifurahi sana kumwona anaogopa.

Mwezi wa tisa nikapaka rangi ya mwisho, ya kijivu. Paa likang'aa. Mama mkwe akahamia. Kikundi chake cha akina mama kikaja kuona, wakasimama upande wa mlima ambapo unaweza kulitazama kutoka juu, na mmoja akasema kwa sauti kwamba mvua ikinyesha hapo hamtasikia kelele kama ya mabati ya nyumba kubwa.

Mabati ya nyumba kubwa ni ya Mwalimu. Nililala na hayo maneno wiki nzima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi maji nilikuwa nimeshayatia kabla ya kusifiwa.

Mvua za mwezi wa kumi zikaja. Mimi niko Meru. Simu hakuna, habari zinakuja na watu. Nikiuliza mtu kutoka Manyatta paa linaendeleaje, najibiwa, "Mama anasema ako sawa."

Nami nikaamini. Nilipenda kuamini.

Mwezi wa kumi na moja Mwalimu alitokea gereji kwetu. Alikuwa amekuja Meru kwa mambo ya shule. Nilimletea soda, tukaketi juu ya tairi. Akazunguka na maneno, halafu akasema, "Mwanyumba, ukipata nafasi, ile kona. Au unikubalie nipake lami kidogo tu, kwa muda."

Kulikuwa na mafundi wanasikiliza. Nikamwambia, mbele yao, kwamba akitaka paa la kupaka lami ajenge lake, na kwamba mtu wa chaki hawezi kufundisha mtu wa faiba. Nikaongeza kwamba najua kinachomsumbua, ni kuona mama ana kitu ambacho si yeye aliyeleta.

Alimaliza soda yake. Akaniambia nimsalimie Wawira, akaenda.

Jioni nilimsimulia Wawira nikicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Labda hiyo kona iko na shida." Nikaacha chakula mezani nikatoka nje. Nikatuma neno kwa Ireri kwamba mtu asiguse paa langu.

Mnaona nilivyokuwa?

Mwezi wa kwanza nikaamua kupeleka mbuzi. Nawaambia nia yangu ilivyokuwa, kwa sababu niliahidi ukweli. Sikupeleka kwa heshima. Nilitaka kuketi chini ya paa langu, ninywe chai pale ambapo Mwalimu anakunywa, aniangalie nikiangalia juu.

Wazee wa boma wakapokea mbuzi, mama mkwe akapewa blanketi, maneno yakasemwa. Halafu yeye mwenyewe akanishika mkono, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akanipeleka ndani ya kile chumba.

Nilikuwa sijawahi kuliona paa langu kutoka chini. Hata siku moja. Nililitandika lote nikiwa juu yake, na siku zote nililitazama kutoka nje.

Kitu cha kwanza nilichoona ni kitanda. Hakikuwa ukutani mahali pa joto, upande wa nyumba kubwa, pale tulipopanga kikae. Kilikuwa kimesukumwa mpaka mlangoni, kiasi kwamba mlango haufunguki wote. Upepo wote wa mlangoni ulikuwa unapitia kwa magoti yake.

Mahali pa kitanda kulikuwa na beseni. Lilikuwa kavu, kiangazi kimeanza, lakini lilikuwa bado limewekwa pale na lina alama ya maji ndani.

Nikainua macho. Plaiwudi ya kona ilikuwa nyeusi. Na kuzunguka ule weusi kulikuwa na duara za chaki nyeupe, moja ndani ya nyingine, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Nikahesabu saba. Saba ni mvua saba ambazo mtu alisimama hapo na kuchora mahali maji yalipofika.

Hakuna aliyehitaji kuniambia ni chaki ya nani.

Mama mkwe aliongea Kiembu, na mimi nakileta kwa Kiswahili changu. Alisema, "Niliwakataza wote wasikwambie. Ulikuwa unaamka na baridi kunijengea, na ulikuwa unashuka kila ukiniona nakuja. Ningesemaje kwamba linavuja?"

Nikamuuliza kwa nini hakurudi kulala nyumba kubwa.

"Ningerudi, wale akina mama wangeuliza," akasema. "Wangekucheka."

Sikujua pa kuweka uso. Nikauliza swali la kijinga, ili tu niwe nasema kitu. Nikauliza ni nani alikuwa anamwaga beseni, maana lilikuwa kubwa, na yeye na magoti yale asingeliinua.

Akasema, "Mwalimu. Alikuwa anapita kabla ya shule na baada ya shule."

Wakuu, naomba mniamini. Pale, nikiwa nimesimama kwenye aibu yangu, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa toba. Kilikuwa wivu. Nilijiambia, hata maji ya paa langu mimi, ni yeye aliyeyamwaga.

Toba ilikuja baadaye, nikiwa nimekaa nje kwa lile benchi la Ireri.

Nilimwita Wawira kando nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanijibu, "Nilikwambia kona iko na shida. Ukaacha chakula mezani."

Mwalimu alikuja mchana baada ya shule. Nikamwambia tu, "Mwanyumba, hizo duara zako, ile ya katikati kabisa ni ya mvua ya kwanza?"

"Ndiyo. Hapo ndipo ilianzia. Si pale juu mtu angefikiria, ni hapa, nusu futi kutoka kwa nguzo ya nyumba kubwa."

Yaani alikuwa amefanya kazi yangu nusu. Bila zile duara ningepasua ukuta mzima nikitafuta, maana maji hutokeza mbali na yanapoingilia.

Jumamosi iliyofuata tukarekebisha. Nilipanda saa nne, jua limeshakausha kila kitu, na sikuwa na mtu wa kumkimbia saa sita.

Nilikata ile kona yote nikaitupa. Tukaweka kipande cha mbao cha pembe tatu pale chini ya ukuta, ili mat ipande kwa mteremko isikunjwe ghafla. Nikatandika mat tatu, moja juu ya nyingine, kila moja pana kuliko ya chini yake. Na ule ukingo wa juu safari hii sikuushikanisha na ukuta wa mbao. Niliuacha huru, halafu tukapigilia kwenye ukuta ukanda wa bati unaoshuka kuufunika. Mbao ikicheza inacheza peke yake, faiba imetulia, na maji yanapita juu ya vyote viwili. Ndilo lile swali alilouliza Jumapili ya kwanza.

Ukanda wa bati ulitoka kwa masalio ya mabati ya Mwalimu. Kwa hivyo paa langu lina bati lake hadi leo. Nililiona likipigiliwa nikameza mate.

Mwalimu alikuwa ndani, anagonga plaiwudi kwa kijiti kunionyesha mahali, mimi niko juu nagonga kumjibu. Nikasikia sauti nyingine ndani. Nikachungulia kwa ile nafasi ya kona kabla sijaifunga.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwa kiti chake chini yangu kabisa, anakunywa chai. Mwalimu alimwambia asogee, vumbi litamwangukia. Akakataa. Akasema amengoja tangu mwezi wa saba mtu huyo awe juu ya kichwa chake bila kukimbia.

Resin ilishika kabla hajamaliza kikombe.

Mvua ya mwezi wa nne nilienda kuingoja makusudi. Niliomba ruhusa gereji, nikakaa Manyatta siku mbili mawingu yakinicheza. Siku ya tatu alasiri ikaja, ile ya kule juu ambayo haikupi nafasi ya kuanua nguo. Tuliketi chumbani watatu, mama mkwe, Mwalimu na mimi, tukiangalia kona. Mwalimu alikuwa na chaki mkononi.

Ilinyesha mpaka mto ukasikika.

Ilipopungua, Mwalimu aliinuka, akapitisha kiganja kwenye plaiwudi, akakitazama. Akairudisha chaki mfukoni.

Mama mkwe alisimama na magoti yake, akashika kitanda upande wa kichwani, akaanza kukisukuma kurudi ukutani. Tulikimbilia kumsaidia, kila mmoja upande wake.

Baadaye ikaja chai. Mimi niliwekewa kwa kikombe cha bati, Mwalimu kwa kile cha maua. Wakuu, nilikiangalia kile kikombe, na bado kiliniuma. Lakini nilikunywa chai yangu ikiwa moto, ndani, nimekaa.

Sasa yangu ya kuwaachia.

Faiba unaweza kuitandika mwenyewe. Usiitandike juu ya umande, usilete kipimo cha mahali pa joto mahali pa baridi, na usiikunje kwenye kona kali. Ukimaliza, ingia ndani ulitazame paa lako kutoka chini, mvua ikinyesha. Kama kuna kitu kinakuzuia kuingia, kiondoe kwanza, hata kama ni mbuzi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi ningeongeza kwamba mwenye kukilalia anaweza kuamua asikwambie.

Na yule mtu unayemwonea wivu, akikwambia kona, nenda kaangalie kona. Wivu wako utaukuta umekungoja ukirudi.

Haya, nimemaliza, nipigeni mawe taratibu. Mafundi wa faiba, mnirekebishe nilipokosea. Na wenye wanyumba kama wangu, semeni hapa chini mnaishi nao vipi, maana Mwalimu wangu amestaafu, anafuga nyuki, na Krismasi iliyopita aliniletea asali nzuri sana. Nimeudhika hadi leo.